Nimepona saratani, lakini nalala kambini

Shikamoo dada. Kamwene.

Mimi ni mwanaume wa miaka 59, naishi Mafinga. Nimeoa miaka 31 sasa, mke wangu ana miaka 51. Tuna watoto wanne, watatu wanajitegemea na wa mwisho yuko chuo. Kazi yangu ni mbao. Nina kambi ya kupasulia mbao upande wa Sao Hill na vijana saba wanaonisaidia.

Mwaka juzi nilianza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Nikadhani ni baridi ya kwetu. Baadaye mkojo ukawa unatoka kwa kukatikakatika, nikaenda hospitali, nikapewa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, na nikapata nafuu. Lakini daktari mmoja kijana alining'ang'ania nipime damu, kile kipimo cha PSA cha kuangalia tezi dume. Kikaonekana kiko juu. Wakachukua vinyama wakavipeleka maabara, majibu yakarudi kwamba ni saratani ya tezi dume, ila bado iko ndani ya tezi, haijasambaa. Agosti mwaka jana nikapasuliwa Dar es Salaam, tezi yote ikaondolewa. Nilikaa na mpira wa mkojo wiki mbili. Tangu hapo nimepima damu mara mbili na PSA haionekani kabisa. Kila anayenitembelea ananiambia nimshukuru Mungu, na kweli namshukuru.

Shida yangu, dada, ni kwamba tangu siku ile uume wangu haujasimama hata mara moja. Si alfajiri, si usiku, si nikiwa na mke wangu, si nikiwa peke yangu. Hamu ninayo kama zamani, labda hata zaidi, lakini chini kumelala. Kabla ya upasuaji sikuwa na tatizo hilo. Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari kwa kuzunguka, "Na mambo ya nyumbani je?" Akaniambia, "Mzee, wewe shukuru umepona," akamwita mgonjwa mwingine. Sijauliza tena.

Nilijaribu na mke wangu mara mbili. Mara ya pili mkojo ukatoka kidogo, ukaloanisha shuka. Yeye akasema, "Si kitu, baba, pumzika." Nikaona ananihurumia kama mtoto mdogo. Nikatoka nikakaa nje kwenye baridi hadi nikasikia jogoo. Wiki iliyofuata nikahamia kambini. Nilimwambia kuna wizi wa mbao, lazima nilinde mwenyewe. Jumapili narudi kwa ajili ya ibada, nakula, naondoka kabla giza halijaingia.

Machi nilinunua unga wa nguvu za kiume kwa kijana mmoja stendi ya Makambako, shilingi 30,000. Nikaukoroga kwenye uji. Haikupita saa, uso ukawaka moto, moyo ukaenda mbio, nikasimama nitoke nje, nikaanguka. Vijana ndio walioninyanyua. Nilisahau kukuambia kwamba natumia dawa za presha. Nusu ya kopo bado ninayo.

Sasa mke wangu anaamini nina mwanamke kambini. Amempigia simu dada yangu mkubwa, na dada ameitisha kikao cha ndugu, kimebakiza wiki mbili. Nimewaza sana. Kuna siku naona bora nikubali tu kwamba ni kweli, nina mwanamke. Afadhali waseme mimi mhuni kuliko waseme si mwanaume. Siku nyingine nawaza nimwambie mke wangu kwamba yuko huru, atafute maisha yake, maana bado ana nguvu.

Naomba unijibu haya: hali yangu itarudi au ndiyo basi? Ule unga nikitumia kijiko kimoja badala ya viwili, kuna ubaya? Na kikaoni niseme nini?

Mpasua mbao, Mafinga

*

Marahaba mdogo wangu, kamwene.

Hilo kopo la unga, kabla hujaendelea kusoma, lichukue ukalimwage chooni. Si kijiko kimoja, si robo kijiko. Usimpe mtu mwingine wala usilifiche kwenye sanduku la zana. Nimekuwa muuguzi miaka 33, mingi kati ya hiyo kwenye wodi ya upasuaji, na nakuhakikishia kwamba ulivyoanguka siku ile ungeweza usiamke.

Nitakueleza kwa nini. Unga na vidonge vingi vinavyouzwa mitaani kama miti shamba ya nguvu za kiume vimepimwa maabara katika nchi nyingi na kukutwa vimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali, hasa sildenafili, bila kipimo chochote. Sildenafili hutanua mishipa ya damu. Wewe tayari unameza dawa za kushusha presha, na huenda nyumbani bado una masalia ya ile tamsulosini, ambayo nayo hushusha presha mtu anaposimama. Ukivichanganya hivyo, presha inaporomoka na unaanguka. Uso kuwaka moto na moyo kwenda mbio ni dalili zinazoendana kabisa na hadithi hiyo. Sisemi dawa za asili zote ni uongo. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa za asili zilizosajiliwa zipo. Lakini unga wa stendi usio na jina la mtengenezaji wala namba ya usajili, ambao anayekuuzia hakuulizi hata kama una presha, huo si tiba ya asili wala ya hospitali. Na ukumbuke, dawa zako za presha usiziache kwa kudhani ndizo zinazokuangusha.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alifanyiwa upasuaji huohuo wako akiwa na miaka 62. Baada ya hapo aliishi miaka 11 mingine, na kilichomchukua hakikuwa saratani. Mimi niliyekuwa nimewaogesha wanaume wodini, nikawabadilishia mipira ya mkojo bila kuona haya, nikiwa nyumbani kwangu hapa Kihesa, Iringa, sikujua namna ya kumuuliza mume wangu swali moja. Alianza kukaa sebuleni na redio mpaka ahakikishe nimelala. Halafu akawa anaamka kabla yangu. Akanunua koti jipya. Nikapekua mifuko ya koti lile, mdogo wangu. Nikanusa mashati. Nikahesabu pesa za pensheni. Kila nilichokiona nilikigeuza kuwa mwanamke, kwa sababu akilini mwangu hakikuwepo kitu kingine ambacho kingemtoa kitandani kwangu. Nilikuwa nasema moyoni, amenichoka, mwili wangu umeisha.

Hayo ndiyo yaliyo kichwani mwa mkeo sasa hivi. Katika barua yako yote umeniambia unavyoumia wewe, na nimekuelewa, lakini hukuniuliza hata swali moja juu yake. Ana miaka 51. Ni umri ambao mwanamke hedhi inakoma, joto linampanda usiku, ukeni kunakuwa pakavu, na anajitazama kwenye kioo akijiuliza kama bado anatamanika. Wakati huohuo mumewe anahama chumba. Wewe unadhani unamficha udhaifu wako, kumbe unamwambia kila usiku kwamba yeye ndiye hatakiwi.

Mume wangu alisema mwezi wa tano baada ya upasuaji. Tulikuwa tumekaa jikoni tunapukuchua mahindi. Hakuinua macho. Akasema, "Mama, mimi huku chini nimekufa." Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sababu mzigo wa miezi mitano ulinidondoka ghafla, yule mwanamke niliyemwona kwenye koti jipya aliyeyuka palepale. Lakini yeye alisikia kicheko cha dharau. Akaacha gunzi, akatoka. Ilinichukua siku mbili kumweleza nilichekea nini, na mpaka leo kicheko kile kinaniuma. Nakuambia hili ili ukimwambia mkeo, akicheka au akilia au akanyamaza, usinyanyuke kwenda kukaa kwenye baridi. Kaa hapohapo umsikilize mpaka mwisho.

Swali lako la kwanza, kama itarudi. Jibu la kweli ni kwamba huenda, na bado ni mapema sana kusema ndiyo basi. Umetimiza miezi kumi tu.

Wewe ni mtu wa miti, kwa hiyo utanielewa. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mishipa ya fahamu inayoamrisha uume usimame imepita ubavuni mwake, kulia na kushoto, myembamba kama nyuzi, imegandamana nayo kama gamba na shina. Ili kutoa saratani yote, daktari lazima atoe shina, na akiweza alibakize gamba. Zamani wanaume karibu wote waliopasuliwa hivi walipoteza nguvu moja kwa moja, kwa kuwa hakuna aliyejua vizuri mishipa hiyo imepita wapi. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ndipo alipofanya upasuaji wa kuikwepa kwa makusudi. Siku hizi daktari anaweza kuiacha pande zote mbili, au upande mmoja, au akalazimika kuiondoa yote kama saratani imeikaribia. Na hata ile iliyoachwa huvutwa na kuguswa wakati wa upasuaji, inachubuka, inalala. Kuamka kwake ni kwa miezi, si kwa wiki. Wengi huanza kuona mabadiliko polepole ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na wapo wanaoendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Wapo pia ambao hairudi kama zamani, na wengi wanaorudiwa huhitaji msaada wa dawa. Umri una sehemu yake, presha ina sehemu yake, kisukari na sigara vivyo hivyo. Kama unavuta, acha. Na kama ulanzi umekuwa ndiyo liwazo lako la jioni huko kambini, pombe nyingi nayo hulaza.

Kwa hiyo swali ambalo hukumuuliza yule daktari ni hili, liandike kwenye karatasi ukamuulize: "Mishipa ya fahamu uliiacha pande zote mbili, upande mmoja, au uliiondoa?" Jibu lake liko kwenye ripoti ya upasuaji wako. Ni haki yako kulijua, na ndilo litakaloamua tiba gani ikufae. Daktari kukuambia ushukuru umepona halikuwa jibu. Nimewasikia wengi wakijibu hivyo, na si wote wana roho mbaya, wengine nao wanaona aibu. Lakini mgonjwa ndiye anayebeba ukimya huo mpaka nyumbani kwake.

Kuna mambo mengine ambayo ulipaswa kuambiwa kabla hujapelekwa chumba cha upasuaji. Hamu yako ipo kwa sababu homoni ya kiume inatengenezwa kwenye korodani, na korodani zako hazikuguswa. (Wale waliotolewa korodani au wanaochomwa sindano za kuzima homoni, habari yao ni nyingine, hamu yenyewe hupungua.) Raha nayo haikuondolewa. Mwanaume anaweza kufika kileleni uume ukiwa umelala, kwa kuguswa tu, maana mishipa ya kuhisi si ile ya kusimamisha. Manii hayatatoka tena, kwa sababu tezi na vifuko vilivyokuwa vikiyatengeneza vimeondolewa, kwa hiyo usiogope ukifika pakavu. Kumzalisha mwanamke kwa njia ya kawaida kumekwisha, na sidhani kama mna mpango huo. Na ule mkojo ulioloanisha shuka huwatokea wengi baada ya upasuaji huu. Kojoa kwanza, tandika taulo, au vaa kondomu. Mkojo wa kiasi hicho haumdhuru mkeo, wala saratani haiambukizwi kwa kujamiiana. Mwambie hilo hata kama hajauliza, kwa sababu wanawake wengi huliogopa kimyakimya.

Mkojo wenyewe una mazoezi yake. Kaza ule msuli unaotumia kuzuia upepo usitoke mbele za watu. Kaza ukihesabu hadi tano, achia ukihesabu hadi tano, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usibane tumbo wala makalio, na usifanye wakati unakojoa. Unaweza kufanya umekaa kwenye gogo vijana wako wasijue. Baada ya miezi utaona tofauti kwenye mkojo, na wapo ambao huwasaidia hata kwenye kusimama.

Kuhusu tiba, zipo zaidi ya moja, na hakuna inayouzwa stendi. Ya kwanza ni vidonge vyenyewe, sildenafili au tadalafili, lakini vya famasi, kwa kipimo alichoandika daktari anayejua presha yako. Sildenafili inamezwa kama saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi huichelewesha. Ni mara moja tu kwa siku. Tadalafili hukaa mwilini muda mrefu, hadi saa 36, ndiyo maana wengine huipenda, hawalazimiki kutazama saa. Zote mbili zinataka mtu awe na hamu na aguswe, na zote zinategemea ile mishipa ya fahamu iwe imeanza kuamka. Ndiyo maana miezi ya mwanzo zinaweza zisifanye kitu, na mtu akakata tamaa bure. Jambo moja usilisahau hata ukisahau mengine yote: mtu anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, kama ile ya kuweka chini ya ulimi, haruhusiwi kabisa kugusa vidonge hivi. Vikikutana vinaweza kuua.

Kuna pampu, bomba la plastiki linaloingizwa uume ndani yake na hewa ikavutwa, damu ikajaa, kisha ukavalishwa mpira shinani ili damu isirudi. Mpira huo usizidi dakika 30. Pampu haitegemei mishipa ya fahamu, na madaktari wengi huipendekeza mapema hata kama hakuna tendo, ili damu ipite kwenye nyama ya uume. Kabla ya upasuaji ulikuwa unasimama usingizini bila kujua, na hiyo ndiyo ilikuwa ikiilisha nyama ile. Ikikaa miezi na miezi bila damu ya kutosha, inakakamaa na kusinyaa. Hapo ndipo naumia ninaposikia umekaa karibu mwaka mzima bila kumwona mtu.

Kuna sindano pia, ya alprostadili, unajichoma mwenyewe ubavuni mwa uume kwa sindano nyembamba sana baada ya kufundishwa kliniki. Najua umejikunyata uliposoma. Mume wangu naye alijikunyata, lakini ndiyo iliyomfaa, kwa sababu mishipa yake iliondolewa upande mmoja na vidonge havikumsaidia. Si kila hospitali inayo na bei yake si ndogo, kwa hiyo uliza kwanza. Uume ukisimama kwa dawa yoyote ukapitisha muda wa saa nne bila kulala, hiyo ni dharura, unakimbia hospitali usiku huohuo bila kungoja kuche. Mwisho kabisa, kwa aliyekwama kote, upo upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya uume. Huko wewe bado hujafika.

Ukitaka pa kuanzia, mpigie simu au umrudie aliyekupasua. Kama Dar ni mbali, omba barua ya rufaa hapo Mafinga uende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uulize siku ya kliniki ya daktari wa njia ya mkojo. Pima na sukari hukohuko. Na kipimo cha PSA endelea nacho kwa tarehe ulizopewa. Kuna wanaume wanaokacha kliniki kwa sababu ya aibu ya jambo hili, saratani ikirudi wanakuja imechelewa.

Sasa tuje kwenye kikao, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa kuwa nakupenda.

Umeniandikia kwamba ni afadhali waseme mhuni. Fikiri vizuri unachotaka kufanya. Utasimama mbele ya ndugu zako ukiri dhambi ambayo hukuifanya. Mkeo, ambaye kwa miaka 31 amekupikia na kukuuguza, atatoka pale akiwa ameachwa kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo. Atakwenda kupima virusi vya ukimwi kwa hofu ya ugonjwa ambao hukumletea. Watoto wako watakuchukia kwa jambo ambalo halikutokea. Yote hayo ili wajomba na mashemeji wasijue kwamba umeugua. Mwanaume aliyekubali kupasuliwa ili aendelee kuishi na familia yake, halafu akaibomoa familia hiyo kwa uongo, huyo ndiye ningemwonea huruma. Na hilo la kumwambia yuko huru, je, amekuomba uhuru? Umemwamulia kwamba alichokuwa anakifuata kwako miaka yote ni kitu kimoja tu. Mimi ningeona nimetukanwa.

Kikaoni husemi kitu, kwa sababu kikao hakitakuwepo. Una wiki mbili. Ijumaa hii shusha mbao, mwachie msimamizi kambi, rudi nyumbani. Usifike usiku na usianzie chumbani. Subiri mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi ndogo, kuchambua maharage au kumenya viazi, maana maneno ya namna hii hutoka vizuri macho yakiwa yanatazama kitu kingine. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Sina mwanamke. Nilihama kwa sababu tangu nipasuliwe sisimami, na niliona aibu. Nimekukosea kukuacha peke yako." Hotuba haihitajiki. Akishasikia hayo, yeye mwenyewe atampigia dada yako amwambie mmeongea, yameisha. Ndugu hawana haki ya kujua zaidi ya hapo, na nina hakika mkeo atakulinda kuliko unavyodhani.

Halafu lala kitandani kwako. Kwa mwezi mmoja kubalianeni kabisa kwamba hakuna kujaribu kuingia, hata ukijisikia. Ile hofu ya "leo itakuwaje" nayo hulaza uume, hata wa mwanaume ambaye hajawahi kupasuliwa, na ukiwa umeahidi kutojaribu, hofu inakosa pa kushika. Mpakane mafuta migongo. Shikaneni. Mikono ipo, midomo ipo, na mkeo anaweza kuridhika kwa hivyo kama alivyokuwa akiridhika zamani, pengine na zaidi, kwa kuwa wanawake wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake. Muulize anapenda nini. Baada ya miaka 31 huenda hujawahi kumuuliza. Mimi na mume wangu tulianza kuulizana tukiwa na miaka sitini, na miaka 11 iliyofuata siibadilishi na ile ya ujana wetu.

Kisha mpe gazeti hili asome, na sehemu hii ni yake.

Kamwene, mdogo wangu. Alipokuloanishia shuka ulimwambia apumzike, na hilo lilikuwa neno jema. Yeye hakulisikia hivyo, lakini si kosa lako. Una haki ya kumkasirikia kwa miezi aliyokuacha na mawazo, mwambie hasira hiyo usiimeze. Kama na wewe una maumivu au ukavu, usimfiche kama alivyokuficha, kuna vilainishi famasi na kuna daktari wa wanawake. Na siku ya kliniki nenda naye, muingie wote wawili kwa daktari. Mumeo akianza kuzunguka na "mambo ya nyumbani", wewe taja jina la kitu. Bebeni ripoti ya upasuaji, majibu ya PSA, na pakiti zote za dawa anazomeza, za presha na zilizobaki.